Mkopo Hauingii Wenyewe Mpaka Uhitimu: Dhana Potofu Tunazozisikia Vyuoni Dodoma

Kila mwaka mpya wa masomo unapoanza, foleni ya dawati la mikopo hujaa wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu wenye swali moja: mbona wenzangu wameshasaini bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, na jina langu halipo? Ninapofungua kumbukumbu zao, mara nyingi tatizo halikuanzia Bodi ya Mikopo wala benki. Lilianzia darasani miezi mingi nyuma, pale mwanafunzi alipoamini kwamba mkopo ukishapangwa mwaka wa kwanza utaendelea kuingia hadi siku ya mahafali, awepo darasani au asiwepo. Nimeisikia kauli hiyo kutoka kwa wanafunzi wa ualimu, wa uhasibu, wa mipango na wa afya, na nimeisikia pia kutoka kwa wazazi waliosafiri kutoka Mpwapwa na Chemba kuja kuulizia fedha za watoto wao. Ndiyo dhana inayowaumiza wengi kuliko zote, kwa hiyo nitaitolea nafasi kubwa.

Ukweli ni kwamba mkopo wa elimu ya juu hutolewa kwa mwanafunzi aliyesajiliwa na anayesoma, na kila mwaka wa masomo hali hiyo huthibitishwa upya. Kwa mwanafunzi anayeendelea, uthibitisho mkubwa ni matokeo: chuo hupeleka Bodi orodha ya waliofaulu kuendelea na mwaka unaofuata, na asiyekuwemo katika orodha hiyo halipwi, hata kama mwaka wa kwanza alipangiwa asilimia mia moja. Bodi haiangalii daftari la mahudhurio la somo lako, na hapo ndipo wanafunzi wengi hujidanganya. Husema, kwa kuwa Bodi haiulizi nilihudhuria mara ngapi, basi mahudhurio hayana uhusiano na fedha. Uhusiano upo, isipokuwa unapitia chumba cha mtihani.

Katika kanuni za vyuo vyetu vingi, mwanafunzi anatakiwa kuhudhuria angalau asilimia 75 ya vipindi vya somo ili aruhusiwe kufanya mtihani wa mwisho wa somo hilo. Hebu tufanye hesabu hiyo kwa somo moja tu. Tuseme somo lina vipindi vitatu kwa wiki katika muhula wenye wiki 15 za kufundisha, yaani vipindi 45. Robo ya vipindi hivyo ni 11 na kidogo, maana yake ni kwamba ukikosa vipindi 11 bado umo, ukikosa cha 12 umetoka. Wiki nne za kutoonekana zinatosha kukufikisha kwenye 12. Mwanafunzi anayeondoka Dodoma baada ya Krismasi na kurudi mwishoni mwa Januari, akiwa amekosa wiki moja tu kabla ya hapo, amekwishavuka mpaka huo bila hata kutambua, kwa sababu yeye anahesabu siku alizokuwa nyumbani na chuo kinahesabu vipindi.

Aliyezuiwa mtihani kwa sababu ya mahudhurio hana alama ya somo hilo, na kwa kawaida hana haki ya sapu, yaani mtihani wa marudio, kwa kuwa sapu ni ya mwanafunzi aliyeketi kwenye mtihani akaanguka. Hulazimika kulisubiri somo litakapofundishwa tena, na likiwa ni somo la lazima, kupanda kwake mwaka kunakuwa mashakani. Yakiwa masomo mawili au matatu, anarudia mwaka au anadisko, yaani anaondolewa chuoni. Jina lake halipelekwi pamoja na ya wanaoendelea, na Oktoba au Novemba anakuja dirishani kwangu akiwa amekwishapanga chumba Ng'ong'ona kwa matumaini ya fedha ambayo haitaingia. Posho ya chakula na malazi, tangu ilipopandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku katika mwaka wa masomo 2022/2023, ni shilingi 600,000 kwa siku 60. Nani katika familia ya mkulima wa mtama wa Bahi atazitoa fedha hizo kwa ghafla, na ada ikiwa juu yake?

Ninaifahamu sababu ya wengi kuondoka, na siidharau. Mvua za mkoa huu ni za msimu mmoja, huanza mwishoni mwa mwaka na kukoma mwezi wa nne, na msimu huo wa kilimo huangukia katikati ya muhula wa kwanza. Mzazi wa Kongwa anapompigia simu mwanawe Januari aje kusaidia palizi ya alizeti au karanga, hatoi amri ya hovyo. Anatafuta chakula cha mwaka. Wapo pia wanaokimbilia vibarua vya ujenzi hapa mjini au kule Mtumba kwa sababu fedha zimechelewa na wenye nyumba hawasubiri. Lakini wazazi wangu, ninawaomba mlielewe jambo hili: mtoto wa chuo hafanani na mwanafunzi wa kidato cha pili ambaye mwalimu wa darasa atamfuata nyumbani. Chuo hakitampigia simu. Kitaandika tu kwamba hayupo, na siku ya mtihani jina lake litakuwa katika orodha ya waliozuiwa. Kama kazi ya shamba ni ya lazima, aje wikiendi, na kama anatoka mbali, siku mbili tatu zilizopangwa ni nafuu kuliko wiki nne za kutoweka.

Katika kaya zilizomo kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), jambo hili si geni hata kidogo. Kaya hizo zinajua kwamba mtoto wa shule anatakiwa kuhudhuria angalau asilimia 80 ya siku za masomo, la sivyo ruzuku inayotegemea sharti hilo hukatwa. Inanishangaza kwamba kijana aliyelelewa katika utaratibu huo akifika chuo anadhani umekoma.

Dhana ya pili ni binti wa ile ya kwanza: kwamba taarifa ya mdomo inatosha. "Nilimwambia kiongozi wa darasa," au "Mwalimu anajua kwamba nilikuwa naumwa." Kiongozi wa darasa hana mamlaka ya kukupa ruhusa, na mwalimu mwenye wanafunzi mia tatu hataikumbuka habari yako wiki ya mitihani. Ushauri wangu ambao sichoki kuutoa, na ambao wanafunzi wangu wameuzoea hadi wanaumalizia wenyewe, ni huu: andika barua, wiki ileile, si baada ya mwezi. Iwe na jina lako kamili, namba ya usajili, masomo utakayoyakosa na tarehe. Iambatanishe na cheti cha daktari ukiwa mgonjwa, au uthibitisho wa serikali ya kijiji ukiwa na msiba. Ipeleke kwa mkuu wa idara, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Barua haifuti vipindi ulivyovikosa, lakini inakipa chuo msingi wa kukufikiria kabla ya orodha ya waliozuiwa kutoka. Baada ya orodha kutoka, hata mkuu wa idara mwenye huruma nyingi anakuwa na kidogo sana cha kukusaidia. Na wale wanaosainiana mahudhurio wajue kwamba huo ni udanganyifu unaoshughulikiwa kinidhamu, na anayemsainia mwenzake anaweka masomo yake mwenyewe rehani.

Kuna neno moja ambalo wanafunzi wengi hulisikia wakiwa wamechelewa, nalo ni kuahirisha. Wanadhani kuahirisha masomo ni aibu, au ni njia ya kupoteza mkopo moja kwa moja, kwa hiyo mwanafunzi aliyeugua sana, au aliyejifungua katikati ya muhula, huamua kuondoka kimyakimya akitumaini kurudi mwakani. Hilo ndilo kosa kubwa zaidi. Anayeahirisha kwa kufuata utaratibu, kwa barua, vielelezo na kibali cha chuo, hubaki kuwa mwanafunzi. Mkopo wake husimama kwa kipindi hicho, na anaporejea chuo huiarifu Bodi ili malipo yafikiriwe tena. Anayeondoka kimya huhesabika ameacha masomo, na kurudi kwake kunakuwa ombi jipya ambalo chuo hakilazimiki kulikubali. Si kweli kwamba mkopo huendelea kulipwa wakati umeahirisha, kama wengine wanavyoamini, na fedha isiyosainiwa kwa sababu hukuwepo haikusubiri chuoni, hurudishwa Bodi.

Nyingine nitazipitia kwa haraka, maana hazihitaji maelezo marefu.

Wapo wanaosema mkopo ni wa wenye watu wao ndani. Nimeona maombi mengi yaliyokwama, na sababu zake zilikuwa za kawaida mno: cheti cha kuzaliwa au cha kifo cha mzazi ambacho hakikuhakikiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, jina lililoandikwa kwa namna mbili tofauti, namba ya mtihani wa kidato cha nne iliyotumika kuombea chuo kutofautiana na ile ya kuombea mkopo, ukurasa ambao mwenyekiti wa mtaa au wakili hakuutia saini. Yatima asiyeweka cheti cha kifo kilichohakikiwa, kwa mfumo, si yatima. Kijana wa kaya ya TASAF asiyejaza namba ya kaya hawezi kutambuliwa kwa huruma ya mtu. Aliyekosa au aliyepata kidogo anayo nafasi ya rufaa dirisha linapofunguliwa, na rufaa yenye vielelezo husikilizwa. Rufaa inayosema tu "nina maisha magumu" haina cha kupimwa.

Wapo wanaochanganya elimu bila ada na elimu ya juu. Ada iliondolewa katika shule za msingi na sekondari za serikali hadi kidato cha nne kuanzia 2016, kisha kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Haikuondolewa vyuoni. Mzazi anayengoja hadi barua ya udahili ifike ndipo aulize ada amechelewa kuomba mkopo, na dirisha la maombi halifunguliwi tena kwa ajili yake peke yake.

Wa stashahada nao huambiwa na ndugu zao kwamba hawakopeshwi. Hilo lilikuwa kweli kwa wengi zamani. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 mikopo inatolewa pia kwa wanafunzi wa stashahada, lakini katika fani za kipaumbele zinazotajwa kwenye mwongozo wa mwaka husika, kwa hiyo usome mwongozo kabla ya kuchagua kozi, usiusome baada ya kuripoti.

Nimalizie na dhana kwamba ukiacha chuo, deni linaishia hapo. Haliishii. Kila shilingi iliyolipwa kwa jina lako, pamoja na ada iliyokwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo na ambayo hukuwahi kuishika, ni deni lako hata kama ulikatisha masomo mwaka wa kwanza. Muda wa kusubiri ni miezi 24 tangu kuhitimu au kukatisha, kisha marejesho yanaanza: aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, iwe ni serikalini au kampuni binafsi, na aliyejiajiri hulipa asilimia 10 ya kipato chake kinachotozwa kodi au kiasi kisichopungua shilingi 100,000 kwa mwezi. Wapo wanaoogopa hata kuuliza deni lao kwa kuamini kwamba limevimba kwa riba na adhabu. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa ziliondolewa mwaka 2021, na hofu hiyo haina msingi tena. Aliyeacha miaka mitatu iliyopita na sasa anauza duka Majengo au analima zabibu Hombolo anaweza kwenda ofisi ya Bodi hapa Dodoma akiwa na namba yake ya kidato cha nne, akapewa taarifa ya deni lake na kupanga namna ya kulipa. Na kama bado anatamani kusoma, aanze kwa kuandika barua kwa chuo alichokiacha akieleza kwa nini aliondoka, kabla maombi ya mwaka mpya hayajafunguliwa.