“Chukua kubwa, atakua nalo”: yanayosemwa kuhusu shanta la mtoto, na ukweli wake

Likizo ya Agosti ikikaribia, swali ni lile lile kwenye makundi ya wazazi hapa Mombasa. Skauti wanakwenda kulala kwenye hifadhi ya Shimba Hills, au darasa zima linapanda treni hadi Voi na kutoka hapo kwenda kupanda mlima wa Vuria kule Taita, na kwenye orodha ya vitu pameandikwa “begi kubwa la mgongoni”. Kabla ya Magharibi ushauri umeshajaa, kila mmoja na lake. Nia ni njema. Kuufuata ndiyo kasheshe.

“Chukua kubwa, atakua nalo”

Huu ndio unaorudiwa kuliko wote, na chanzo chake kinaeleweka. Sare ya shule hushonwa na pindo la ziada, mtoto akirefuka pindo linafumuliwa. Lakini sketi iliyozidi haimuumizi mtu. Shanta la safari ya kulala lina kazi moja kubwa: kuuteremsha uzito kutoka mabegani na kuukalisha juu ya mifupa ya nyonga. Mgongo wa begi ukiwa mrefu kuliko mgongo wa mtoto, kazi hiyo haifanyiki. Mkanda wa kiunoni unaishia kwenye mapaja na kumgonga kila anapopiga hatua. Akiupandisha ukae kiunoni, kanda za mabegani zinaacha mwanya nyuma ya bega na mzigo wote unamvuta kinyumenyume. Basi atainama mbele, atashika kanda kwa mikono miwili, na baada ya saa moja atanyamaza. Mtoto wa Mombasa akinyamaza safarini, jua kuna jambo.

Anayetaka begi la kumfaa mwanawe miaka kadhaa atafute lenye mgongo unaorekebishika. Kanda za mabegani hapo zimeshonwa kwenye kipande kinachopanda na kushuka, ama kwa velkro iliyojificha nyuma ya sponji, ama kwa ngazi ya utepe mnene. Mabegi ya Deuter Fox na Osprey Ace, ambayo hutokea mara moja moja kwenye mitumba, yametengenezwa hivyo makusudi kwa watoto wanaokua. Mengi ya aina hii mgongo wake hucheza takriban kati ya sentimita 30 na 45. Kukua kwake kumeshawekewa nafasi ndani ya begi. Huna haja ya kununua la babake.

“Miaka kumi? Huyo ni lita hamsini”

Muuzaji atakuuliza umri, na wewe utamjibu, na hapo nyote wawili mmeshapotea. Lita hupima tumbo la begi. Umri haupimi chochote. Watoto wawili waliolingana urefu wanaweza kupishana kiwiliwili kwa sentimita kadhaa, kwa kuwa mmoja urefu wake uko miguuni.

Chukua futi ya fundi cherehani. Mwambie mtoto ainamishe kichwa: pale shingo inapokutana na mabega patatokeza kifundo cha mfupa. Anzia hapo. Kisha ashike kiuno, vidole gumba vikielekea nyuma, viganja vikikaa juu ya mifupa ya nyonga. Katikati ya vidole gumba, kwenye uti wa mgongo, ndipo pa kuishia. Futi iufuate mgongo ulivyopinda, isivutwe ikanyooka hewani. Namba utakayoipata ndiyo utakayokwenda nayo sokoni.

Lita zije baadaye. Kwa usiku mmoja au miwili, mtoto wa shule ya msingi anatosheka na lita 30 hadi 40, kwa sababu hema, sufuria na jiko havimhusu. Begi la lita 60 lililojaa nusu lina hila yake: kila mtu mzima anayepita huona nafasi, akatia kitu.

Hapa pana jambo ambalo wazazi wengi halijawapitia. Wakati wa balehe miguu hutangulia kurefuka, kiwiliwili kikafuata. Wasichana kwa kawaida hukua kwa kasi zaidi wakiwa na miaka 11 au 12, wavulana 13 au 14, na katika kilele hicho mvulana anaweza kuongeza takriban sentimita 9 kwa mwaka. Kwa hiyo suruali iliyokuwa nzuri Idi iliyopita inaweza kuwa juu ya kifundo cha mguu leo, na begi likawa bado linamkaa sawasawa. Kinyume chake pia hutokea: mwaka unaofuata suruali haibadiliki sana, ila mgongo umepanda na begi linambana. Pima kabla ya kila safari. Ni dakika mbili.

“Mkanda wa kiunoni ni mapambo”

Nenda soko la Kongowea upande wa mitumba uangalie jinsi begi linavyojaribiwa. Muuzaji analitoa kwenye rundo, analikung'uta, anamvisha mtoto likiwa tupu na kusema, “Mamangu, angalia lilivyomkaa.” Kitu kitupu humkaa kila mtu. Omba atie uzito ndani, hata nguo za rundo lile lile, kisha fanya hivi: legeza kanda zote, mvishe mtoto, funga mkanda wa kiunoni kwanza ukiwa juu ya mifupa ya nyonga wala si tumboni, ndipo ukaze za mabegani. Sasa pitisha kidole kati ya bega na kanda. Kanda iwe imelilalia bega bila kulikandamiza. Mtoto akisema uzito anausikia zaidi kiunoni, umepata.

Shida ya begi la mkubwa inaonekana hapo hapo. Unavuta mkanda, unavuta, sponji za kulia na kushoto zinakutana mbele, na bado unacheza. Hakuna fundi atakayekusaidia kirahisi, maana sponji yenyewe ndiyo ndefu. Mkanda wa kifuani nao usipande kooni; msichana aliyeanza kubalehe atahitaji unaosogezwa juu na chini, na ni vyema umuachie mwenyewe aseme unapomkera.

“Sisi tulibeba ndoo ya lita ishirini, na tuko hai”

Kweli mlibeba. Kutoka bombani hadi mlangoni, mkatua, mkaenda kucheza. Kubeba kwa saa nne kwenye njia yenye mawe na mteremko ni habari nyingine, kwa sababu uchovu ndio unaomwangusha mtoto.

Kipimo kinachotumiwa na wengi ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto mwenyewe. Tuchukue mtoto wa kilo 30. Asilimia 15 yake ni kilo 4.5. Begi la watoto likiwa tupu lina kilo moja na kitu, tuseme 1.3. Maji lita moja na nusu, kilo 1.5, na kwa joto la kwetu hayapunguziki. Zimebaki kilo 1.7: mfuko wa kulalia, sweta, nguo za kubadilisha, tochi, vitafunio. Haya, mpe la mkubwa la lita 65. Mengi hupita kilo 2 kabla hujatia hata soksi, na hesabu nzima imevurugika.

Mizani ya nyumbani inatosha: apande na begi, apande bila begi, utoe. Kama huna, muuza samaki mwenye mizani ya kuning'iniza hatakukatalia.

Kinachozidisha uzito mara nyingi ni blanketi. Vuria ina mita 2,208, na joto hupungua kwa takriban digrii 6 kila unapopanda mita 1,000. Ina maana kule juu kuna baridi inayopita ya Mombasa kwa digrii kama 13, na bibi hatakubali mjukuu wake aende bila blanketi lile zito la maua. Mwache bibi ashinde, ila blanketi libebwe na mtu mzima.

Mikono ikifa ganzi, au mabega yakibaki na alama nyekundu zisizotoka upesi, punguza mzigo palepale hata kama mizani ilisema sawa. Na vile vizito, maji na chakula, vikae karibu na mgongo usawa wa katikati. Wanaovisukumia chini kabisa humvuta mtoto nyuma. Chini ni mahali pa mfuko wa kulalia.

“Atapata kibiongo”

Kwa upande wa pili wako wanaokataa mtoto asibebe chochote, wakihofia uti wa mgongo utapinda au atadumaa. Mgongo unaopinda upande kwa vijana mara nyingi hauna chanzo kinachojulikana, na haijathibitishwa kwamba begi ndilo linaloupinda. Maumivu ya bega na mgongo ni ya kweli na yanatosha kuwa sababu ya kuchunga uzito. Hatuhitaji kuwatisha watoto.

“Begi la shule halifai kabisa”

Linafaa, kwa wadogo. Mtoto wa rika la Sungura, wale wadogo kabisa kwenye skauti, hana haja ya shanta la kulala nje. Abebe chupa yake ya maji, sweta na tochi ndani ya begi la shule, mengine yabebwe na wakubwa. Pesa ya shanta ingoje akue kidogo.

“Limeandikwa haliingizi maji”

Kitambaa huzuia manyunyu. Mvua ya kweli hupenya kwenye zipu na kwenye mishono, na kava la juu huacha upande wa mgongoni wazi. Vitu vikavu huhifadhiwa kutoka ndani. Watu wengi hapo hutafuta mfuko wa nailoni, wakasahau kwamba Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tangu Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika hifadhi, misitu na fukwe zinazolindwa. Shimba Hills imo, na chupa za maji za dukani zimo pia. Nunua mfuko mzito wa kukunja mdomo unaouzwa kwa wavuvi na wapiga mbizi, na chupa ya kudumu.

“Mitumba ni bahati nasibu”

Sivyo, kama unajua pa kushika. Geuza begi ndani nje. Ule utando wa ndani ukiwa unanata au unabambuka kama ngozi iliyoungua jua, liache: unyevu na joto la pwani vitaumalizia, na harufu haitoki. Fungua na funga kila zipu mara kadhaa, hasa pembeni zinapokata kona. Bonyeza sponji ya mkanda wa kiunoni. Ikibaki bapa imekufa. Velkro ya mgongoni iliyojaa nyuzi huteleza mtoto akiwa njiani, lakini hiyo husafishika kwa sindano na subira. Bizimu iliyovunjika isikutishe, fundi wa mabegi atakutilia nyingine siku hiyo hiyo, na ndiyo sababu nzuri ya kuteremsha bei.

Nyumbani lioshe kwa mkono kwa sabuni laini, lianike kivulini na zipu wazi. Baada ya safari usilifungie kabatini na jasho lake, litaota ukungu kabla ya likizo ya Disemba. Litundike mahali penye upepo. Mtoto akishalipita, wapo watakaolitaka kwenye kundi lile lile la wazazi; ukiliuza, andika sentimita za mgongo, si umri.