Wizi wa laini ni nini, na huduma kwa wateja inaingiaje?

Wizi wa laini ni pale tapeli anapoifanya kampuni ya simu ihamishie namba yako kwenye kadi ya SIM aliyo nayo yeye. Simu yako haijaguswa. Iko mfukoni, ina chaji, ila imeandika "Hakuna mtandao". Namba haikai ndani ya simu. Iko kwenye kumbukumbu za kampuni, ilikounganishwa na kadi yako. Mhudumu akiiunganisha na kadi nyingine, yako inakufa, na simu na meseji zako zinaingia kwa mwizi, zikiwemo namba za uthibitisho kutoka benki.

Mlango wake, basi, ni dawati la huduma kwa wateja. Kubadilisha laini ni huduma halali, maana watu hupoteza simu kila siku. Tapeli anajifanya mmoja wao, akiwa na jina lako kamili, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho. Wengine hukupigia kwanza makusudi, ili wakiulizwa namba zilizowasiliana na laini hiyo karibuni wawe na jibu. Wengine humhonga mfanyakazi tu, yakaisha. Na wakubwa hawasalimiki: Agosti 2019 akaunti ya Twitter ya Jack Dorsey, mkuu wa mtandao huo wakati huo, ilitumiwa na wahuni walioiteka namba yake. Januari 2024 ikawa zamu ya SEC, mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani. Akaunti yake ya X (zamani Twitter) ikatangaza habari ya uongo kuhusu Bitcoin, sarafu ya kidijitali.

Usichanganye na tapeli anayekupigia wewe akijidai ni wa huduma kwa wateja. Huyo anataka umsomee namba ya uthibitisho, au ubonyeze tarakimu zitakazoelekeza simu zako kwake. Hapo laini yako bado ni nzima, na kwenye mitandao mingi ##002# hufuta maelekezo hayo.

Mtandao ukikatika ghafla huku wenzako wa kampuni hiyo hiyo wanaongea, zima simu, iwashe mara moja, kisha azima ya mtu upige huduma kwa wateja. Maneno ya kwanza yana uzito. Ukisema "simu yangu haishiki mtandao", utaambiwa utoe kadi, uifute, uirudishe, na dakika zinayoyoma. Sema: "Laini yangu imebadilishwa bila idhini yangu, naomba muifunge sasa hivi." Wakati huo huo mtu mwingine apige benki, maana laini ikifungwa pesa inaweza kuwa imeshatoka.

Usikate simu kabla ya kupata namba ya kumbukumbu ya lalamiko, saa kamili laini ilipobadilishwa, na njia iliyotumika: dukani, kwa wakala au kwa simu. Wahudumu wengi hawatoi hayo bila kuulizwa, na ukibanwa sana utasikia "mfumo hauonyeshi". Omba msimamizi. Saa hiyo ndiyo benki na polisi watakayoilinganisha na miamala. Bila hiyo utabaki unabishana kama ni wewe uliyetoa pesa.

Kurudishiwa namba kwa kawaida kunataka uende mwenyewe na kitambulisho. Ikirudi, anza na nywila ya baruapepe, kwa kuwa akaunti nyingine nyingi hufunguliwa upya kupitia humo. Omba pia kampuni iweke namba ya siri kwenye akaunti yako na izuie namba kuhamishiwa mtandao mwingine, kama inatoa huduma hizo. Kwa akaunti zenye pesa, panaporuhusiwa, acha uthibitisho wa meseji, utumie programu inayotengeneza namba ndani ya simu yenyewe. Hiyo haihami na laini.