Miwani ya Polaraizi kwa Mvuvi: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Upande wa mashariki wa Unguja, katika vijiji kama Jambiani na Bwejuu, maji ya bamvua hupwa hadi mwisho mnamo saa nne asubuhi, na kina mama wanaotafuta pweza huwa wamekwisha kuingia baharini kabla ya saa hiyo, wakielekea mwambani huku jua likiwapiga usoni. Maji yenyewe ni ya magotini na ni maangavu, lakini uso wake humeta kama bati jipya, kiasi kwamba mtu huona anga zaidi kuliko anavyoona kilicho mbele ya miguu yake. Asubuhi moja nilimwazima bibi mmoja miwani yangu. Aliivaa juu ya ushungi, akasimama kidogo bila kusema, kisha akanyoosha fimbo yake hatua mbili mbele, penye vijiwe na magamba ya kaa yaliyorundikwa mdomoni mwa tundu, kama ilivyo desturi ya pweza. "Kumbe liko hapa hapa, mwanangu," akasema, "nami nimekwisha kupita mara mbili."

Miwani ilimwondolea mng'ao wa juu ya maji, basi. Hiyo ndiyo kazi ya miwani ya polaraizi, na mengi yanayosemwa juu yake, ya kuisifu na ya kuibeza, hutokana na kutwikwa kazi nyingine zisizo zake.

"Ni miwani nyeusi kama nyingine, imeongezwa bei tu"

Dhana hii inaeleweka, kwa sababu ukiweka jozi mbili juu ya meza ya muuzaji, moja ya kawaida na moja ya polaraizi, hutaona tofauti yoyote. Tofauti iko katika namna zinavyopunguza mwanga. Miwani nyeusi ya kawaida hupunguza kila kitu kwa kiwango kilekile: hupunguza mng'ao, na hupunguza pia mwanga hafifu unaotoka kwa samaki, hivyo uwiano baina ya viwili hivyo hubaki kama ulivyokuwa na samaki huendelea kufichika, ila sasa amefichika gizani. Miwani ya polaraizi huchagua. Mwanga wa jua husafiri kama mawimbi yanayotikisika pande zote, lakini unapogonga uso wa maji na kurudi, sehemu kubwa ya kile kinachorudi hutikisika kwa ulalo, sambamba na maji. Ndani ya lenzi umo utando wenye molekuli zilizopangwa kufuata mwelekeo mmoja, nao huzuia mtikisiko wa ulalo na kuruhusu ule wa wima. Mwanga uliotoka chini, kwenye mgongo wa samaki kama changu au kwenye majani ya baharini, haukupangika hivyo, kwa hiyo karibu nusu yake hupita na kulifikia jicho, ilhali mng'ao umekatwa.

Ujuzi huu si wa jana. Mwaka 1808 Mfaransa Étienne-Louis Malus alitazama kupitia kipande cha fuwele mng'ao wa jua la machweo kwenye madirisha ya Kasri la Luxembourg, jijini Paris, akagundua kwamba ukali wa taswira aliyoiona ulibadilika kadiri alivyoizungusha fuwele. Miaka michache baadaye, mwaka 1815, Mskoti David Brewster aliandika kanuni ya pembe ambayo kwayo mng'ao hupangika kikamilifu, na kanuni hiyo nitairudia hapa chini kwa sababu ina faida kubwa kwa mtu aliyesimama majini. Utando wa plastiki uliowezesha haya yote kuingia kwenye miwani ya kawaida ulitokana na kazi ya Mmarekani Edwin Land, aliyeomba hataza yake mwaka 1929.

"Kadiri ilivyo nyeusi ndivyo inavyokinga macho"

Hapa ndipo penye madhara, kwa hiyo pasipitwe haraka. Weusi wa lenzi, polaraizi, na kinga dhidi ya mionzi ya urujuanimno (UV) ni mambo matatu, na lenzi yaweza kuwa na moja bila ya mengine. Weusi hupunguza mwanga unaoonekana, polaraizi hukata mng'ao, na mionzi ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni hata kidogo, huzuiwa na malighafi ya lenzi au kwa dawa iliyotiwa ndani yake. Polikaboneti, aina ya plastiki ngumu, kwa mfano, huizuia karibu yote hata ikiwa nyeupe kabisa kama kioo cha dirisha. Kwa upande mwingine, lenzi nyeusi isiyo na kinga ni mtego, kwani mboni hupanuka kana kwamba mtu ameingia kivulini, na mionzi hupata mlango mpana zaidi kuliko ambao ingeupata kama mtu huyo angekaa macho matupu na kuyakunyata kama alivyozoea.

Mvuvi hukaa juani saa nyingi kwa miaka mingi, na gharama ya mionzi hiyo hulipwa uzeeni: mtoto wa jicho, na kile kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho, mara nyingi upande wa puani, kikatambaa taratibu kuelekea kwenye mboni. Kwa hiyo unapochagua miwani, uangalie kwanza maandishi ya UV400, yanayomaanisha kwamba lenzi huzuia mionzi hadi urefu wa wimbi wa nanomita 400, na baadaye ndipo uulize habari ya polaraizi. Upande wa ndani wa mkono wa miwani mara nyingi huwa na tarakimu ya daraja la weusi, kuanzia 0 hadi 4. Daraja la 3 hupitisha kati ya asilimia 8 na 18 ya mwanga na linatosha kwa jua letu la pwani. Daraja la 4 hupitisha asilimia 3 hadi 8 tu, na halifai kwa anayeendesha gari, jambo ambalo mvuvi anayerudi nyumbani kwa bodaboda hana budi kulikumbuka.

Wapo pia wanaoivua miwani mara tu mawingu yanapotanda. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba zaidi ya asilimia 90 ya mionzi ya urujuanimno yaweza kupenya mawingu mepesi, na kwamba mchanga mkavu wa pwani hurudisha takriban asilimia 15 yake na povu la bahari takriban asilimia 25. Maana yake ni kwamba mionzi huja kutoka juu, chini na pembeni, na ndiyo sababu fremu pana inayokumbatia uso, pamoja na kofia ya ukili yenye ukingo, hufanya kazi ambayo lenzi peke yake haiwezi.

"Ukiivaa utamwona samaki popote alipo"

Wauzaji huipenda sana dhana hii, na wavuvi wapya huiamini hadi siku ya kwanza wanapofika kwenye maji ya matope. Katika delta ya Rufiji wakati wa masika, au katika ghuba yoyote iliyotibuliwa na upepo wa kusi, kinachomficha samaki si mng'ao wa juu bali ni chembe za udongo zilizotapakaa ndani ya maji, zinazotawanya mwanga kila upande. Miwani itaondoa mng'ao, nawe utayaona matope vizuri zaidi.

Hata kwenye maji maangavu, pembe ya kutazama ndiyo inayoamua. Kanuni ya Brewster, ikiwekwa katika lugha ya mwambani, yasema hivi: pima kimo cha macho yako juu ya maji, kizidishe kwa moja na theluthi, na umbali utakaoupata ndio mahali ambapo miwani hufanya kazi kwa ukamilifu. Mtu aliyesimama majini, macho yake yakiwa sentimita 150 juu ya maji, huona vizuri kuliko kote sehemu iliyo takriban mita 2 mbele yake, na hapo ndipo hasa alipoelekeza fimbo yule bibi bila ya kuwa na haja ya hesabu. Aliyeketi kwenye ngalawa, macho yakiwa sentimita 90 juu ya maji, atafaidi kwa umbali wa mita 1.2. Kinachotazamwa wima chini ya ubavu wa chombo hakina mng'ao uliopangika, na kilicho mbali kuelekea upeo wa macho hukatwa kidogo tu. Hii ndiyo sababu wavuvi wa pono na kolekole kwenye maji mafupi hupenda kusimama mbele ya chombo: kimo kikiongezeka, dirisha husogea mbali, na samaki huonekana kabla yeye hajamwona mvuvi. Kwa mng'ao wa jua lenyewe mambo huwa mazuri zaidi jua likiwa limepanda nyuzi kama 37, yaani karibu na saa tatu asubuhi au saa kumi jioni. Mtu akilaza kichwa begani, mpangilio wa lenzi huharibika na mng'ao hurudi. Na wakati mwingine, majini penye viwimbi, kukilaza kidogo upande huu au ule huleta nafuu, hivyo ni vizuri kujaribu.

Liko kosa jingine linalowagharimu watumiao mkuki. Miwani hairekebishi kupinda kwa mwanga unapotoka majini. Samaki aliye kina cha mita 1, ukimtazama kutoka juu yake, huonekana kama yuko sentimita 75, na ukimtazama kwa mshazari huonekana karibu na uso zaidi ya hapo. Ni lazima kulenga chini yake, kama walivyofanya wazee. Naona hata wengine hukosa zaidi wakiwa na miwani, kwa kuwa wanamwona samaki kwa uwazi kiasi cha kusahau kwamba hayupo pale wanapomwona.

Kuhusu rangi, mabishano ni mengi kuliko tofauti zenyewe. Kahawia na shaba huongeza utofauti wa vitu kwenye maji mafupi yenye mchanga na majani; kijivu hupendwa na waendao mkondoni kufuata jodari na nguru; manjano ni ya alfajiri. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria, wanaovua kwa taa usiku wa giza, hawana sababu ya kuvaa yoyote kati ya hizo.

"Ni anasa ya watalii wavuao kwa mchezo"

Kweli, miwani hii ilionekana kwanza kwa wageni waliopanda boti za kuvua kwa mchezo Malindi, Watamu na katika mkondo wa Pemba. Lakini anayetembea peku au kwa kandambili mahali ambapo samaki aitwaye taa hujifukia mchangani, mwiba wake ukiwa tayari, ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kuona anapokanyaga. Lenzi ya polikaboneti pia hulikinga jicho dhidi ya ndoana na chubwi, ule uzito wa mshipi, linaloruka pindi mshipi unapokatika.

Ugumu ni kupata ya kweli. Kwenye kibanda kimoja mjini niliwahi kuhakikishiwa kwamba miwani niliyoishika ni "orijino kabisa", nami nikaomba kikokotoo cha mwenye kibanda. Tarakimu za kikokotoo, zikitazamwa kupitia lenzi ya polaraizi huku kikizungushwa taratibu, hufika mahali zikazama katika weusi mtupu. Nilikizungusha duara nzima na tarakimu zikaendelea kunitazama. Njia nyingine ni kuweka lenzi za jozi mbili moja juu ya nyingine na kuizungusha moja robo duara. Zikiwa za polaraizi zote, giza litaziba. Ile kadi yenye picha iliyofichwa ambayo wauzaji huionyesha ni jaribio la kweli vilevile, ila inathibitisha polaraizi peke yake na haisemi lolote kuhusu urujuanimno, ambao hupimwa kwa kifaa maalumu kinachopatikana katika baadhi ya maduka ya miwani. Tabia hiyohiyo ya lenzi ndiyo inayofanya baadhi ya skrini za vifaa vya GPS zionekane zimezimika katikati ya bahari. Kifaa ni kizima, geuza kichwa.

Wanaosema kwamba macho "yakizoea" miwani hii hudhoofika hawana hoja, kwa maana lenzi isiyo na nguvu ya kusomea haibadilishi chochote ndani ya jicho. Kinachodhoofika ni miwani yenyewe, hasa ikifutwa kwa ncha ya kanga au shati ikiwa imekaukiwa na chumvi, kwani punje za chumvi hukwaruza lenzi kama msasa. Imwagiwe maji baridi, yasiyo ya chumvi, kwanza, ndipo ifutwe. Tena miwani mingi huzama. Kipande cha mshipi uliochoka, kikifungwa mikono yote miwili kwa nyuma na kutungwa vipande vya kandambili kuukuu vya kutosha kuielesha, hakina gharama yoyote.