Namna Kipokezi cha Homoni Kinavyowasha na Kuzima Jeni

Mgonjwa wa pumu anayepewa prednisoloni huanza kupata nafuu baada ya saa kadhaa, si dakika, na kuchelewa huko huwatia hofu ndugu wanaomuuguza. Sababu ni kwamba dawa hiyo, sawa na homoni ya kotisoli inayotoka kwenye tezi zilizo juu ya figo, hufanya sehemu kubwa ya kazi yake kupitia jeni, yaani maagizo ya kutengeneza protini yaliyo kwenye DNA.

Kotisoli hutengenezwa kutokana na lehemu, hivyo hupenya utando wa seli kwa urahisi. Ndani ya seli kuna kipokezi chake, yaani protini ambayo hadi wakati huo imeshikiliwa na protini nyingine. Homoni inapokishika, kipokezi hubadilika umbo, huingia kwenye kiini cha seli na, mara nyingi kikiwa kimeungana na mwenzake, hujishikiza kwenye sehemu maalumu za DNA. Hapo huziita protini saidizi, ambazo hulegeza DNA iliyojiviringa ili kimeng'enya kinachonakili jeni kipate nafasi. Nakala ya RNA hutoka nje ya kiini, na protini mpya hutengenezwa. Hatua zote hizo huhitaji muda. Kipokezi hichohicho huzima pia jeni zinazochochea uvimbe katika njia za hewa.

Kipokezi cha homoni ya tezi ya shingo ni tofauti: hukaa kwenye DNA hata kabla homoni haijafika, kikizuia baadhi ya jeni. Binadamu ana jeni 48 za vipokezi vya ukoo huu unaojishikiza kwenye DNA. Mwanasayansi Elwood Jensen, akiwa Chicago mwishoni mwa miaka ya 1950, ndiye aliyeonyesha kuwapo kwa kipokezi cha estrojeni, homoni ya kike, na leo kinyama cha saratani ya titi hupimwa kipokezi hicho kabla ya kuamua kama tamoksifeni, dawa inayokizuia, itamfaa mgonjwa.

Kwa kuujua utendaji huu, ninaumia kuona klobetasoli, steroidi kali inayofanya kazi kupitia kipokezi cha kotisoli, ikitiwa kwenye mkorogo unaotumiwa na dada zetu hapa Dar es Salaam kung'arisha ngozi. Kipokezi hakibagui krimu ya daktari na ya mtaani. Utengenezaji wa kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, hupungua, ngozi huwa nyembamba na kuingia michirizi. Ikipakwa mwili mzima kwa muda mrefu, dawa hufika kwenye damu na tezi za juu ya figo hupunguza kutengeneza kotisoli. Kwa hiyo aliyeitumia kwa miezi mingi asiiache ghafla, bali amwone daktari wa ngozi, na aende na kopo lenyewe.