Nini maana ya "muungano wa kulazimishwa" wa SPD na KPD?

Ndivyo Wajerumani wengi wanavyoliita tukio la Aprili 1946, pale SPD, chama kikongwe cha wasoshalisti wa kidemokrasia, kilipounganishwa na KPD, chama cha wakomunisti, katika eneo la Ujerumani lililokuwa chini ya jeshi la Kisovieti. Kikazaliwa SED, chama kilichoitawala Ujerumani Mashariki hadi 1989.

Wapo wanaopinga kusema watu walilazimishwa, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanachama wengi wa vyama hivyo waliteseka pamoja katika kambi za Wanazi, wakaamini kwamba Hitler alipata mwanya kwa sababu wao walikuwa wakigombana. Tena katikati ya 1945 viongozi wa SPD mjini Berlin ndio waliotaka umoja, wakomunisti wakakataa. Moscow ilitaka kwanza wajijenge wenyewe.

Kilichobadili msimamo huo ni hofu ya sanduku la kura. Novemba 1945 wakomunisti wa Austria waliambulia viti 4 tu kati ya 165, na huku Ujerumani SPD ilikuwa inavuta watu kwa kasi. Kuanzia hapo shinikizo likapamba moto. Karatasi za kuchapia magazeti, magari, ofisi, hata kibali cha mkutano, vyote vilitoka kwa utawala wa kijeshi wa Kisovieti, na KPD ndiyo iliyopendelewa. Viongozi wa SPD wa mikoani waliitwa na maofisa wakahojiwa. Wengine walizuiwa kuhutubia, wengine wakafungwa. Otto Grotewohl, kiongozi wa SPD Berlin aliyekuwa akisita, akakubali. Kurt Schumacher, kiongozi wa SPD katika maeneo ya magharibi, aliweza kukataa katakata kwa kuwa alikuwa Hannover, chini ya Waingereza.

Kwangu mimi, ushahidi mzito kuliko wote ni siku ya Machi 31, 1946. Wapinzani ndani ya SPD ya Berlin waliitisha kura ya wanachama. Mji ulikuwa umegawanywa katika sekta nne, moja ya Kisovieti na tatu za magharibi. Katika sekta ya Kisovieti kura hiyo ilizuiwa. Katika wilaya zake mbili, Prenzlauer Berg na Friedrichshain, vituo vilifunguliwa, vikafungwa muda mfupi baadaye. Katika sekta tatu za magharibi walipiga kura zaidi ya watu 23,000. Asilimia 82 walikataa kuungana mara moja. Lakini karatasi ilikuwa na swali la pili: je, vyama vishirikiane bila kuungana? Asilimia 62 walisema ndiyo. Kwa hiyo watu hawa hawakuwachukia wakomunisti. Walichokataa ni kumezwa.

Wiki tatu baadaye, katika ukumbi wa Admiralspalast, Grotewohl alishikana mkono na Wilhelm Pieck wa KPD, na mikono hiyo miwili ikawa nembo ya SED. Berlin, kwa kuwa ilikuwa chini ya mataifa manne, SPD ilibaki hai, na katika uchaguzi wa Oktoba 1946 ikapata asilimia 48.7 dhidi ya 19.8 za SED.

Kwingineko katika eneo la Kisovieti wapigakura hawakupewa nafasi hiyo, maana SPD haikuwepo tena. Ahadi ya kugawana vyeo nusu kwa nusu ilifutwa Januari 1949. Wakati huo, ndani ya chama ambacho SPD ilikuwa imekizaa pamoja na KPD, kushutumiwa kuwa na fikra za SPD kulitosha mtu kufukuzwa, hata kufungwa.