Etha za silili: kutoka kabonili na alkoholi kwa nguvu ya kichocheo

Etha ya silili ni molekuli ambamo oksijeni imeshikwa na kaboni upande mmoja na silikoni upande wa pili. Huandikwa R–O–SiR₃. Chukua alkoholi, yaani R–O–H, ondoa ile hidrojeni ya mwisho, weka mahali pake silikoni yenye matawi matatu: hiyo ndiyo etha ya silili.

Wakemia huzitengeneza hasa kwa ajili ya ulinzi. Anayejenga molekuli kubwa yenye makundi kadhaa ya alkoholi mara nyingi hutaka kundi moja limenyuke na mengine yatulie. Basi yale mengine huvikwa silikoni kama kofia, na kazi ikiisha kofia huvuliwa kwa floridi, maana silikoni hushikana na florini kwa nguvu kuliko inavyoshikana na oksijeni. Uimara wa kofia hutegemea unene wa matawi. Silili yenye methili tatu hutoka upesi ikikutana na asidi. Badilisha methili moja iwe tert-butili, tawi nene zaidi, nayo hudumu takriban mara 20,000 zaidi. Kofia hiyo ya pili, inayoitwa TBS, ilienea baada ya wakemia Corey na Venkateswarlu kueleza mwaka 1972 namna ya kuiweka kwa kloridi ya silili pamoja na imidazoli, ambayo ni besi.

Njia hiyo inafanya kazi vizuri na maabara nyingi bado zinaitumia. Kasoro yake ni taka. Kila moli (kipimo cha wakemia cha idadi ya molekuli) ya etha huzaa moli moja ya asidi ya hidrokloriki, ambayo lazima imezwe na besi, na mwishoni unabaki na angalau gramu 104 za chumvi isiyo na kazi. Tena, ukianza na ketoni au aldehaidi, yaani kampaundi zenye kabonili (kaboni iliyoungana na oksijeni kwa muungo maradufu), itabidi kwanza uigeuze kuwa alkoholi, uisafishe, kisha ndipo uivike. Hizo ni hatua mbili kwa jambo ambalo lingeweza kufanyika kwa moja.

Hapo ndipo zinapoingia silani, yaani kampaundi zenye muungo wa silikoni na hidrojeni, Si–H. Hidrojeni huvuta elektroni kidogo kuliko oksijeni, lakini huzivuta kuliko silikoni, kwa hiyo katika silani imeelemea upande hasi: ni hidridi, yaani hidrojeni yenye chaji hasi, iliyojificha. Silani ikikutana na kabonili, hidrojeni inaweza kwenda kwenye kaboni na silikoni kwenye oksijeni. Ketoni inageuka etha ya silili moja kwa moja, na hakuna atomu hata moja inayotupwa. Ikikutana na alkoholi, hidrojeni ya silani huungana na ile ya alkoholi, gesi ya H₂ inatoka, gramu 2 kwa kila moli, na etha inabaki.

Yote hayo ni mazuri kwenye karatasi. Kwa kweli, ukichanganya trietilisilani na ketoni tupu kwenye chupa, vitakaa tu. Muungo wa Si–H ni mtulivu, na kazi ya kichocheo ni kuuamsha.

Metali zilitangulia. Mwaka 1972 Ojima na wenzake walionyesha kuwa kichocheo cha Wilkinson, chenye rodi, huongeza silani kwenye kabonili. Baadaye zikaja hidridi za shaba, kisha zinki na chuma, ambazo ni za bei nafuu zaidi. Metali ikifungwa kwenye ligandi, yaani molekuli inayoishika, yenye umbo la mkono mmoja (la kushoto au la kulia tu, kama mikono yetu), zao pia huegemea mkono mmoja, na hapo etha ya silili huwa njia ya kupata alkoholi ya upande unaotakiwa.

Lakini kichocheo kinachostahili kutazamwa kwa makini zaidi hakina metali kabisa. Ni B(C₆F₅)₃: boroni yenye pete tatu zilizojaa florini. Boroni hiyo ina njaa ya elektroni, hivyo mtu angetarajia iishike oksijeni ya kabonili na kuifanya ketoni iwe rahisi kushambuliwa. Kuishika, huishika. Ila mwaka 1996, huko Kanada, wakemia Parks na Piers waligundua kwamba ethili benzoeti, ambayo nayo ina kabonili lakini inayoshikwa kwa ulegevu, ilimenyuka haraka kuliko benzaldehaidi, inayoshikwa kwa nguvu. Maana yake ni kwamba boroni iliyokwama kwenye oksijeni iko nje ya kazi. Kinachofanya kazi ni ile iliyo huru, inayoikamata hidrojeni ya silani. Silikoni inabaki na upungufu wa elektroni, oksijeni ya kabonili inaishambulia kutoka nyuma, hidridi inahamia kwa boroni, na boroni inaikabidhi kwa kaboni. Mwaka 2008 Rendler na Oestreich walitumia silani ambayo silikoni yake ina mkono, wakaona mkono huo umegeuka. Shambulio la nyuma likathibitika.

Alkoholi hufuata njia ileile hadi karibu na mwisho: oksijeni yake ikishashika silikoni, hidrojeni iliyo juu yake inakuwa asidi kali, inakutana na hidridi iliyobebwa na boroni, na H₂ inatoka. Hata besi ya kawaida inaweza kuchochea muungano wa alkoholi na silani. Hidroksidi ya sodiamu, kwa kiasi kidogo tu, imefanya hivyo kwa silani kadhaa.

Mambo mawili yanahitaji uangalifu. B(C₆F₅)₃ haijui kusimama: ukizidisha silani, aldehaidi na alkoholi za daraja la kwanza (ambazo kaboni yenye oksijeni imeshikana na kaboni nyingine moja tu) zinaweza kupita hatua ya etha na kuishia kuwa haidrokaboni, oksijeni ikiwa imeng'olewa kabisa. Silani basi ipimwe kwa uangalifu, na matawi manene kwenye silikoni husaidia kuzuia. La pili ni ile gesi. Gramu 2 za H₂ ni takriban lita 24 kwenye joto la chumba, na inawaka. Chombo kisifungwe, silani iongezwe kidogo kidogo, na kusiwe na cheche karibu.