Fiksa iliyochoka ni nini, na kwa nini usiimwage ovyo

Ukikaa na watu wanaosafisha filamu za kamera wenyewe utasikia "hii fiksa ishachoka", fiksa ni moja ya dawa za maji za kusafishia filamu, na wengi wanaoanza wanadhani ni imeisha nguvu tu, basi unamwaga unachanganya nyingine. Hapana, imechoka kwa sababu imeshiba silva, yaani madini ya fedha, na hiyo silva ndo inayoamua uipeleke wapi.

Iko hivi, filamu ikitoka kwenye developa, dawa ya kwanza inayotokeza picha, bado ina silva ambayo haikupata mwanga, ukiitazama ina ukungu mweupe kama maziwa, fiksa ndo inayeyusha ule ukungu mpaka filamu inaonyesha upande wa pili. Sasa ule ukungu haujapotea, umehamia kwenye fiksa, na kila rola ya filamu unayopitisha inaongeza mpaka lita moja inaweza kubeba gramu kadhaa. Marekani taka ikifikisha miligramu 5 za silva kwa lita kwenye kipimo chao inahesabiwa taka hatari, piga hesabu mwenyewe hapo.

Kuipima ni rahisi, tumbukiza kipande cha filamu ambayo haijasafishwa, hesabu sekunde mpaka ukungu uishe, kikichukua mara mbili ya muda wa fiksa mpya basi ishachoka.

Kwenye mtaro wa mvua isiingie kabisa, na shimo la choo pia usijaribu, kule kuna bakteria wanaokula uchafu na silva inaua bakteria. Iweke kwenye dumu la plastiki la peke yake, sio chupa ya soda jamani mtoto atakunywa, andika ni nini na tarehe, halafu peleka wanakopokea taka za kemikali au maabara ya picha inayotoa silva. Kuna wanaoloweka stilwaya ya chuma kwenye hiyo fiksa, chuma kinayeyuka silva inatua chini kama tope jeusi, ni kweli inafanya kazi ila maji yanayobaki bado yana silva kidogo, usiyahesabu kuwa yametakata.

Developa na stopu, dawa inayoisimamisha developa, hazina uzito huo, kama maji taka yenu yanaenda kwenye mtambo wa kusafishia mara nyingi kiasi kidogo kinaruhusiwa na maji mengi, ila uliza mamlaka ya maji kwanza. Tona ya seleniamu, dawa ya kubadili rangi ya picha, ni sumu, ina dumu lake.

Na nakuomba sana, usimimine fiksa pamoja na blichi ya klorini, inatoa gesi inayounguza mapafu.